Jibu la Penka

Ornella Bonazzi alikuwa ameomba msemaji. Hilo alilisema waziwazi mkutanoni, mbele ya kina mama wote wa chama: wageni wakifika, yeye apewe mwenye mdomo. Awe mwanamume, awe mwanamke, hata akiwa mlevi kidogo hajali, ilmradi aongee. Aongee Kibulgaria usiku na mchana akitaka. Alichohitaji Ornella ni sauti ya mtu kutoka chumba cha pili, na sauti hiyo isiwe ya redio.

"Nitakutafutia kasuku," Fedora akamjibu, na kina mama wakaangua kicheko.

Fedora Squarzoni ndiye mwenyekiti wa chama cha wazee wanaojitolea pale Ferrara, na mpango huu wa kubadilishana watu ulikuwa wake. Mwaka huu wazee wa Sliven, kule Bulgaria, waje Ferrara wafanye kazi za kujitolea majuma matatu, walale majumbani mwa wanachama. Mwaka ujao wa Ferrara waende huko. Fedora ni mwanamke wa kupanga. Akikukuta umekaa, atakupangia namna ya kukaa.

Basi lilifika Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, saa za mchana, ukungu tayari umeshaanza kuota kwenye kingo za mji. Wageni walishuka mmoja mmoja wameshika viuno, maana walikuwa wamekunjwa ndani ya basi lile tangu jana yake. Wenyeji waliwangoja na baiskeli zao mkononi kana kwamba hao wazee wa watu watapakiwa nyuma. Wakakumbatiana, wakabusiana mashavu, kila mmoja akipayuka kwa lugha yake na kuitikiwa kwa lugha nyingine. Alikuwepo babu mmoja mwenye masharubu aliyepita akibusu mikono ya kina mama wote huku akiimba. Ornella akamtupia jicho. Huyo ndiye wangu, akajisemea moyoni, na akajiweka sawa nywele.

Fedora akaja, lakini aliyemshika mkono alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, anayekaribia miaka sabini, amevaa koti la kijivu lililomkaa vizuri kuliko nguo zote zilizokuwa pale. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu aliyeshika kitu kwa meno.

"Huyu ni Penka. Ni wako."

"Anaongea?"

"Ni fundi cherehani."

"Sikuuliza kazi yake. Nimeuliza kama anaongea."

"Ornella, mpokee mgeni mzigo, utaniaibisha."

"Na yule babu?"

"Yule nimemchukua mimi," alisema Fedora bila hata kupepesa macho.

Njia nzima mpaka nyumbani Ornella aliongea na Penka alinyamaza. Ornella alimwonyesha duka la mkate, akamwonyesha dirisha la jirani anayemchukia, akamweleza kwa nini anamchukia. Penka alitazama kila alichoonyeshwa. Hakutoa sauti, ila magurudumu ya sanduku lake yalikuwa yakigonga mawe ya barabara.

Ni vizuri ijulikane kwamba Ornella hakuwa mtu wa kulalamika. Maisha yake yote ya kazi alikaa nyuma ya kioo akiuza tiketi za sinema, akiongea na mji mzima kupitia kitundu kidogo, na jioni akirudi kwa Learco, mume ambaye naye alikuwa mpiga domo wa kutosha. Learco akafa. Mtoto wao, Mirko, yuko Rotterdam, na simu zake zilianza kwa kila Jumapili, zikawa za sikukuu, kisha zikawa za sikukuu kubwa. Ornella akabaki anaongea na jiko. Kiangazi angalau watu wako nje, unaweza kugombana na mtu. Lakini Novemba ukungu wa bonde la mto Po huingia mjini ukakaa kama mkwe asiyejua kuaga, na watu hufunga madirisha yao. Majira ya baridi yaliyopita ilipita siku, ikapita na ya pili, hajatamka neno. Siku ya tatu akaenda dukani kununua mkate asiouhitaji, ili tu amwambie mtu habari za asubuhi, na sauti ikamtoka imekwaruza, muuza mkate akamuuliza kama ni mgonjwa. Alirudi nyumbani akalia juu ya ule mkate. Majira mengine kama yale hakuyataka. Kusema kweli, aliyaogopa kuliko kufa.

Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa jikoni akikunja vile vifuko vya tambi vyenye boga ndani, chakula ambacho Ferrara hawampi mtu wa kupita tu. Alimketisha Penka mahali pa Learco, akamwekea sahani mbele, moshi unafuka.

"Utakula?" akauliza, akionyesha kwa kijiko.

Penka akatabasamu, akapeleka kichwa kulia na kushoto.

"Hata kidogo?"

Penka akakipeleka tena, kulia na kushoto, kwa nguvu zaidi, na tabasamu likazidi.

Ornella alisimama na kijiko chake. Ana adabu huyu, anakataa huku anacheka. Akaichukua sahani, akarudisha chakula chunguni. Penka aliifuata ile sahani kwa macho mpaka jikoni. Akala mkate, mkate mtupu, wote uliokuwa mezani, na makombo yake.

Asubuhi ikawa yaleyale kwa kahawa. Unakunywa? Kichwa kulia na kushoto. Ornella akanywa vikombe vyote viwili, moyo ukimdunda. Jioni akapika nyama, na nyama ikarudi chunguni. Kesho yake alipanda baiskeli akaenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha nguo cha chama, kule ambako nguo zinazotolewa sadaka hupangwa na kushonwa kabla ya kupewa wasio nazo. Fedora alikuwa juu ya ngazi.

"Umeniletea mtu asiyeongea, asiyekula! Hata paka anakula, Fedora!"

"Labda mapishi."

"Mapishi yangu? Mapishi yangu wewe umeyalamba mpaka sahani ikabaki nyeupe!"

Violeta alikuwa pale, Mbulgaria aliyekaa Ferrara miaka mingi akihudumia wazee wa watu, na ambaye siku zile alikuja kidogo kuwasaidia wageni kwa lugha. Aliuliza Penka amekataaje hasa. Ornella akamwonyesha kwa kichwa. Violeta akajiziba mdomo, akacheka mpaka akaegemea rundo la suruali.

"Bi Ornella, kwetu kichwa kinakwenda kinyume. Kulia na kushoto ndiyo. Juu na chini ndiyo hapana."

Ornella akatafuta mahali pa kukaa. "Kwa hiyo mimi nimemnyima mgeni chakula?"

"Umemnyima, mama. Anakwambia lete, wewe unaondoa. Maskini alidhani ndiyo desturi yenu, mgeni anaonyeshwa chakula kwanza, anakula siku nyingine."

Kisha Violeta alimwendea Penka aliyekuwa kwenye cherehani, akamwambia mambo marefu kwa Kibulgaria. Penka akawa mwekundu mpaka masikioni, akajifunika uso kwa suruali aliyokuwa akiishona. Ornella hakujua aliambiwa nini na hakuuliza. Alikuwa anawaza boga.

Jioni ile Penka alikula sahani tatu, na walipofika ya tatu walitazamana, kicheko kikawashika wote wawili mpaka Ornella akakohoa. Tangu hapo Ornella hakuuliza tena, alipakua tu. Na Penka, kwa aibu, alikituliza kichwa chake kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Alilopenda alilionyesha kwa dole gumba. Lakini usiku, akiwa mbele ya kioo anavua hereni, Ornella alikuwa akijifunza. Kulia na kushoto, ndiyo. Juu na chini, hapana. Mtu akiwa mgeni kwako, aliona, ni wewe wa kumfuata, usimsumbue shingo mtu mzima.

Halafu ikagunduliwa kwamba Penka anajua Kitaliano. Alijua Kitaliano cha suruali. Kiwanda alichofanyia kazi ujana wake wote kule Sliven kilishonea Wataliano, na msimamizi alikuwa Mtaliano aliyepita katikati ya mashine akipiga kelele. Penka aliyashika maneno aliyopigiwa kelele: pindo, kola, kifungo, mfuko, zipu, fupi, ndefu, haraka, tayari, makosa, kimetoka. Hayo tu, na machache aliyookota mezani kwa Ornella. Siku moja akaonja supu, akaweka kijiko chini, akafikiri.

"Supu," alisema kwa sauti nzito ambayo Ornella hakuitarajia, "fupi chumvi."

Ornella karibu adondoshe chungu. Akaongeza chumvi. Penka akaonja tena.

"Tayari."

Basi nyumba ikapata lugha. Ukungu wa asubuhi ukawa mrefu. Jirani mchukivu akawa makosa. Fedora alipokuja jioni moja na maneno yake, akapanga vikombe vyao upya kabatini, akaondoka, Penka alimtazama mpaka mlango ulipofungwa, kisha akapitisha kidole kwenye midomo yake kutoka kushoto kwenda kulia.

"Fedora. Zipu."

Ornella alicheka hadi machozi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Learco akiwa hai, na usiku ule, kitandani, alijiona mtu mwenye bahati akaogopa.

Yeye naye alimweleza Penka mambo yake. Alileta picha ya Mirko, akaonyesha simu, akafungua mikono: hapigi. Penka aliishika ile picha, akaitazama sana.

"Kifungo," alisema. "Kimetoka."

"Kimetoka," akakubali Ornella.

Penka akajigusa kifua mwenyewe. Vifungo viwili, akaonyesha kwa vidole: mume, kaburini, na binti, Chicago. Halafu akachora hewani jengo refu, akahesabu ghorofa kwenda juu, akasimama kwenye moja, akaugeuza mfuko wa aproni yake nje ukining'inia. "Nyumba yangu," akasema. Mfuko ulikuwa mtupu. Ornella akaelewa vizuri kuliko kama angesomewa kitabu kizima.

Mchana walifanya kazi pamoja kwenye chumba cha nguo, Ornella akichambua, Penka akishona. Akiwa kazini Penka hakuongea kabisa, hata maneno ya suruali, kwa sababu alikuwa na pini mdomoni. Alizibana kwa midomo safu nzima, vichwa nje, kama walivyofanya wanawake wote wa kiwandani, na ukimsemesha alijibu kwa dole gumba au kwa macho. Ile midomo iliyobanwa aliyoiona Ornella siku ya basi haikuwa kiburi. Ilikuwa imezoea tu.

Majuma matatu ni muda mrefu ukiwa hospitali. Ukiwa na mtu mezani, yanaisha kabla hujajua anapenda nini. Ilipobaki siku chache wageni waondoke, Ornella alianza kupoteza usingizi. Chumba kilikuwapo, chakula kilikuwapo. Kule Sliven hakuna aliyekuwa akimngoja Penka. Alichohitaji Ornella ni kumuuliza tu: baki na mimi mpaka Pasaka. Neno jepesi, lakini mtu aliyezoea kusema kila kitu kwa kila mtu alishindwa kulisema hilo moja. Je, akikataa? Atapika nini kesho yake, amtazame vipi?

Kulikuwa na koti la Learco, zito, jeusi, zuri, lililobaki kabatini kwa sababu Ornella hakuweza kulitoa. Penka ndiye aliyelifungua, akalipima kwa macho, akampima Ornella, akasema, "Refu. Haraka, tayari." Alilifumua mabega akalishona upya. Siku mbili kabla ya safari alimsimamisha Ornella juu ya kigoda sebuleni, koti mwilini, naye akapiga magoti na pini zake mdomoni kupima pindo.

Ornella akautazama utosi wa Penka. Hapa ndipo, akajiambia. Hapa hanitazami.

"Penka," alianza. "Ukungu mrefu. Mrefu sana. Novemba, Desemba, mpaka Machi."

Mikono ya Penka ikaendelea.

"Nyumba yangu, mfuko." Akatafuta mfuko wa koti, akaugeuza nje. "Wewe hapa. Usiende. Wewe, hapa, mpaka Pasaka." Na kwa kuwa sauti ilikuwa ikimkimbia, akaongeza moja kwa moja, kama anavyoongea Mferrara yeyote, "Kaa na mimi, dada. Mimi peke yangu siwezi tena."

Mikono ikasimama. Penka alinyanyua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na zile pini zilitetemeka kwenye midomo. Akamtazama Ornella kwa muda. Kisha polepole, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefanya jambo alilofundishwa, akainamisha kichwa chini, akakinyanyua juu. Akarudia. Chini, juu.

Ornella alihisi kigoda kinasogea. Akashika egemeo la kiti.

Hapana, basi. Anamlilia, lakini ni hapana. Afadhali amesema bila kuzunguka, Ornella aliwaza, na kumbe alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hilo.

"Haya," alisema. "Haidhuru. Shona."

Akatabasamu, maana mwenye nyumba hatakiwi kumbebesha mgeni huzuni yake. Penka naye akatabasamu na pini zake, akafuta macho kwa mkono wa nguo, akarudi kwenye pindo. Halikuzungumzwa tena.

Siku mbili zile Penka alikuwa na furaha ya ajabu, na kila alipoiona Ornella ilimchoma. Alikuwa akivuma wimbo puani. Alishusha mapazia ya sebuleni akayafua, akayapunguza chini yaliponing'inia vibaya kwa miaka. Alipanga viatu vyake vya baridi chini ya kitanda. Anafurahi kurudi kwao, alifikiri Ornella, na kwa nini asifurahi? Kwao ni kwao, hata kama ni ghorofani. Ornella hakutaka kuwa mmoja wa wale vikongwe wanaong'ang'ania mkono wa mgeni mlangoni. Mtu amekataa, msaidie aondoke na heshima yake, na wewe ubaki na yako.

Kwa hiyo asubuhi ya safari aliamka mapema, akafunga mikate na vipande vya nyama kwenye karatasi, na Penka alipokuwa bafuni, aliingia chumbani mwake. Sanduku halikuwa limefungwa. Wazee wanasahau, aliwaza. Akakunja nguo kwa upole, akaweka viatu vya baridi, akafunga, akalisimamisha sanduku mlangoni, na chakula juu yake.

Penka alitoka na taulo kichwani. Akaliona sanduku. Akamtazama Ornella, akalitazama tena sanduku.

"Makosa?" aliuliza.

Ornella alikagua mkanda wa sanduku, zipu, magurudumu. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Hapana makosa," alisema kwa uchangamfu wote aliokuwa nao. "Tayari. Haraka, basi linangoja."

Penka alisimama pale. Halafu midomo ikabanana vilevile kama siku aliyofika, akaenda kuvaa koti lake la kijivu.

Njiani hakuna aliyesema neno, si la suruali wala la nini. Ukungu ulikuwa umeufunika mji hata taa za baiskeli zilikuwa zikitokea ghafla karibu na uso. Kwenye basi kulikuwa na kelele na vilio, babu mwenye masharubu akibusu mikono upya. Penka alimpa Ornella mkono, kama unavyompa karani. Ornella alitaka kumkumbatia, akaogopa kwamba akimkumbatia hatamwachia. Akaupokea mkono. Penka akapanda, akakaa upande wa pili, upande usioonekana kutoka pale waliposimama. Basi likaondoka, na ukungu ukalimeza kabla halijafika kwenye kona.

Wenyeji walibaki kwenye barabara wakipiga chafya na kufuta macho.

"Haya, yamekwisha," alisema Fedora, akijifuta pua. "Nitamkumbuka yule mzee, mpuuzi sana. Unajua mpaka jana anafanya mazoezi mbele ya kioo changu cha ukumbini?"

"Mazoezi gani?"

"Ya kichwa! Violeta aliwapiga darasa wote siku ileile ulipokuja kunigombeza. Aliwaambia, hapa mko Italia, geuzeni vichwa: ndiyo ni chini na juu kama wenyeji. Yule wangu mwanzoni shingo ilimuuma. Sasa anaitikia vizuri kuliko padri. Wako hakubadilisha?"

Ornella aligeuka kutazama upande basi lilikopotelea.

"Ornella? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Alibadilisha," alisema Ornella.

Akaiona tena sebule, kigoda, pini zinatetemeka, na kile kichwa kinachoshuka na kupanda taratibu, kwa uangalifu, kama cha mtoto anayekariri somo. Penka alimwambia ndiyo. Alimwambia ndiyo mara mbili, kwa Kiferrara, ili asikosee. Akafua mapazia ya nyumba yake mpya. Naye Ornella akamfungia sanduku.

"Lisimamishe!" alimpigia kelele Fedora.

"Nini?"

"Basi! Lisimamishe basi!"

"Basi lipi? Wewe unaliona basi?"

Palikuwa na weupe tu mbele yao. Ornella alipekua mfuko wa koti la Learco, akatoa simu. Namba ya Penka waliiandika siku za mwanzo kwa ajili ya kupotezana sokoni, na haikuwahi kutumika, kwa sababu hawakuwahi kupotezana. Ikaita. Ikaendelea kuita. Fedora akamkaribia kuuliza, Ornella akampitishia kidole midomoni, kushoto kwenda kulia, na Fedora kwa mshangao akanyamaza.

Simu ikapokewa. Ilisikika ngurumo ya injini, na nyuma yake wanawake wanaimba.

"Penka."

Pumzi. Alikuwa yeye.

"Penka, makosa. Makosa yangu. Si yako, yangu." Ornella alikuwa akilia hadharani na hajali nani anamwona. "Kichwa makosa. Mimi nilifuata cha kwenu, wewe ukafuata cha kwetu, unanielewa? Hunielewi. Sikiliza. Sanduku makosa. Wewe hapa. Mpaka Pasaka, mpaka utakapochoka mwenyewe. Unataka? Penka, bado unataka?"

Upande wa pili pakawa kimya. Simu haikuwa imekatika, kwa maana injini ilinguruma bado na wanawake waliendelea na wimbo wao. Ornella alibana simu kwenye sikio kwa mikono miwili. Na ndipo alipojua ni ukimya gani ule. Alikuwa ameishi nao majuma matatu, meza moja. Mahali fulani kwenye barabara ya Padova, ndani ya ukungu, mwanamke mwenye midomo iliyobanwa alikuwa akimjibu. Alikuwa akimjibu kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo, dada," alisema Ornella. "Mimi sikuoni."